Bustani Inayoliwa

Anayetembea kwa miguu asubuhi katika mitaa ya Nyali, Mikocheni au Kileleshwa ataona maua mpaka achoke. Bogenvilia iliyopanda juu ya ukuta asili yake ni Brazil. Mjakaranda uliomwaga zambarau barabarani ni wa Bolivia na Argentina. Mkrismasi, ule unaowaka mwekundu Desemba ikikaribia, ulitoka Madagaska. Miashoki iliyopangwa mstari mmoja langoni ni ya India na Sri Lanka, na mjohoro wa kivuli ni wa Asia ya Kusini-Mashariki. Yote imepogolewa na kumwagiliwa, na majani yake, ukiyatazama kwa karibu, mengi ni mazima kabisa. Hayana tundu.

Mwenye nyumba huona hiyo ni sifa ya bustani yake. Mhadhara huu unaiona kasoro. Jani lisilong'atwa na mdudu halijalisha kiumbe chochote, na uwanja uliojaa majani ya namna hiyo, hata uwe wa kijani vipi, ni meza iliyopambwa bila chakula. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba anayetaka vipepeo, ndege na nyuki nyumbani kwake hana budi kukubali bustani yake iliwe, na walaji wenyewe wengi wamezoea mimea ya asili ya mahali hapo. Ile iliyokuja kwa meli hawaijui.

Ikitajwa bustani ya vipepeo, wengi hufikiria maua. Ni kweli kwamba kipepeo mzima hunywa mbochi, ule utamu wa majimaji ulio ndani ya ua, na katika kinywaji hicho hachagui sana. Atatua kwenye lantana iliyotoka Amerika na kunywa bila kuuliza kwao wapi. Shida iko kwa mwanawe. Kiwavi anataka majani, tena majani ya mti fulani au ya ukoo fulani wa miti. Mayai yakitagwa kwenye mti usio wake, atakufa njaa huku amezungukwa na majani mabichi.

Sababu yake ni kemia. Mmea hauna miguu ya kukimbilia, kwa hiyo hujilinda kwa uchungu, kwa sumu, kwa utomvu unaonata, na kila ukoo una silaha zake. Mdudu aliyeishi na ukoo mmoja kwa vizazi visivyohesabika amepata namna ya kuzivumilia silaha hizo, na wengine hata huziazima. Yuko kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye mabaka meupe, anayeonekana kuanzia Afrika ya Kusini hadi Oman. Hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe mithili ya maziwa. Kiwavi wake hula sumu ya utomvu ule na kuiweka mwilini, nayo hubaki humo hata anapoota mabawa. Ndege mgeni akimwonja, hutapika, na tangu siku hiyo rangi ile ya chungwa huiacha ipite.

Mfano ulio karibu zaidi uko kwenye mndimu wa nyuma ya jiko. Siku moja juu ya jani changa panaonekana kinyesi cha ndege, cheusi chenye baka jeupe katikati. Ukisogeza macho, kinyesi kina miguu. Huyo ni kiwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Akishanenepa huivua ngozi hiyo ya hila na kuwa wa kijani, rangi ya jani lenyewe. Mguse nyuma ya kichwa kwa kijiti chembamba: zinachomoza ghafla pembe mbili laini zenye unyevu, na harufu kali inapanda puani. Chungu aliyekuwa akimkaribia anageuza njia. Baada ya muda mfupi pembe zinarudi ndani na kiwavi anaendelea kula.

Msikilizaji makini atauliza: ndimu nayo si ilitoka Asia? Ilitoka Asia, na kipepeo huyu alikuwapo Afrika kabla ya mndimu wa kwanza kupandwa pwani. Aliwalea wanawe kwenye mjafari, ule mti wa shina lenye vifundo vya miiba ambao magome yake bado huchemshwa kuwa dawa, na kwenye miti mingine ya jamii hiyo. Mjafari na mndimu ni wa ukoo mmoja, na ukifikicha majani yake utaamini. Ndimu zilipofika, kipepeo alinusa akakuta ni jamaa. Miti mingi iliyoletwa kupamba nyumba haikubahatika kuwa na ndugu wa karibu namna hiyo, na ndiyo maana majani yake hukaa mazima.

Mwarobaini ndio unaoonyesha upande wa pili wa jambo hili. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani, na leo ni vigumu kupata mtaa wa pwani usio nao. Mwaka 1959 nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, aliona nzige wa jangwani wakishuka na kumaliza kila kijani, lakini miarobaini ikabaki na majani yake. Utafiti uliofuata ukaitambua azadiraktini, kemikali inayomfanya mdudu asusie chakula, na akila, ashindwe kujivua ngozi na kukua. Kwa mkulima anayetafuta dawa ya shambani hiyo ni neema. Kwa uwanja unaotarajiwa kulea viwavi, ni habari nyingine. Tena shore na popo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu mbali, ndiyo maana mwarobaini huota wenyewe mpaka ndani ya vichaka na misitu ya pwani ambako hakuna aliyeupanda.

Hapa hakuna anayeambiwa aukate. Kivuli chake, mswaki wake na dawa zake vinajulikana kila nyumba. Ila mwenye miarobaini minne asipande wa tano.

Kwa nini mtu asiyependa viwavi ajisumbue nao? Kwa sababu ya ndege. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni ya Douglas Tallamy, profesa wa elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, ambaye kitabu chake Bringing Nature Home kilitoka mwaka 2007. Yuko ndege mdogo wa huko aitwaye chickadee, uzito wake gramu kama 10. Kulea makinda wa kiota kimoja mpaka waruke, wazazi huhitaji kuleta viwavi kati ya 6,000 na 9,000. Mwaka 2018 Tallamy, pamoja na Desirée Narango na Peter Marra, alichapisha utafiti uliofanywa kwenye viwanja vya nyumba za eneo la Washington. Mahali ambapo mimea ya asili ilikuwa chini ya asilimia 70 ya uoto wote, chickadee hawakuzaa vya kutosha kufidia waliokufa. Mitaa ilikuwa na miti, tena mirefu. Kilichokosekana ni chakula cha makinda.

Takwimu za Washington haziwezi kubandikwa Bagamoyo zilivyo. Lakini ndege wa Bagamoyo nao wana makinda. Chozi, anayependwa kwa kuninginia kwenye maua na kunyonya mbochi, huwalisha makinda wake wadudu wadogo na buibui. Kwera, anayelaumiwa mashambani kwa kula nafaka, naye huwaletea wanawe wadudu laini. Kwa hiyo yule anayepanda maua mekundu ili chozi waje, kisha kila mwezi akapuliza dawa ya wadudu kwenye majani, anawaita wazazi huku akiwafungia wana jiko.

Jambo la kushangaza ni kwamba mimea ya Afrika Mashariki inapendwa sana, ila mbali na kwao. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo wa maua ya zambarau uliokuwa ukiota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover akaupa jina la ukoo huo, Saintpaulia. Leo umo madirishani kote Ulaya na Amerika, na Wajerumani bado huuita ua la Usambara. Huko kwao, katika misitu ya Tanga na Usambara, spishi zake kadhaa zimo hatarini kutoweka kwa sababu miti iliyozitilia kivuli imekatwa.

Pentasi nayo, yenye vishada vya nyota ndogo nyekundu, nyeupe au za waridi, ni ya pande hizi, mpaka Yemen. Huko Florida huuzwa kwenye vitalu kuwa ua la kuvutia vipepeo. Nyasi za kikuyu zilitoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, nazo California, Hawaii na Australia zimegeuka magugu ya kupigwa vita. Kumbe ugeni wa mmea hautokani na ngozi yake. Pentasi ya Florida ni mgeni, na pentasi iliyopandwa Lushoto iko kwao.

Wapo wakulima ambao tayari wanaishi kwa kulisha viwavi, na hao ndio walimu wa kweli wa somo hili. Mwaka 1993, penye magofu ya Gede karibu na Malindi, ulianzishwa mradi wa Kipepeo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mwanzilishi wake akiwa mwanabiolojia Ian Gordon. Jirani ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba kama 420 na spishi za vipepeo zaidi ya 200. Wakati ule wakulima wengi wa kando ya msitu walitamani ukatwe ili wapate mashamba, na si ajabu: tembo na nyani walitoka humo kuja kula mazao yao, na faida ya msitu wenyewe hawakuiona.

Kazi ya mradi huanzia kwenye jani. Mfugaji humnasa kipepeo jike, humweka ndani ya tundu la chandarua pamoja na tawi la mmea anaoupenda, naye hutaga. Viwavi wakianguliwa hulishwa majani mabichi kila siku, na kiwavi hula bila kupumzika, anazidi kubana kwenye ngozi yake, anaivua, anaanza upya. Akishageuka pupa huvunwa, hufungwa kwa uangalifu, na kusafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani kabla hajatoka kipepeo. Muda ni mchache, na atakayechelewesha sanduku uwanja wa ndege atawakuta wamekwisha kuota mabawa.

Mfugaji asiye na majani karibu humaliza siku nzima akiyatafuta msituni. Kwa hiyo wengi walianza kuipanda mimea hiyo kando ya nyumba zao: vichaka na kamba za porini ambazo baba zao walizifyeka wakiziita magugu. Mtu anayeuza pupa hujua mti upi ni wa kipepeo yupi, na tundu kwenye jani kwake ni mshahara. Kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Amani, Usambara ya Mashariki, mpaka Tanzania iliposimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016 na soko likafungwa. Unguja, kijiji cha Pete karibu na Jozani, kuna kituo ambako wageni hulipa kuwaona vipepeo waliolelewa na wanakijiji.

Wapo pia wanaowajua viwavi kwa njia nyingine. Sokoni Lubumbashi na Kisangani viwavi wakavu huuzwa kwa kipimo, na ni kitoweo cha heshima. Wachumaji wao wanaujua mti wa kila aina ya kiwavi, kwa maana ukikatwa huo kitoweo hakuna.

Hata mpapai wa uani unaitegemea mimea ambayo mwenye uwanja hajaipanda. Mwaka 2009 Dino Martins wa Kenya na mwenzake Steven Johnson walichapisha utafiti wao wa mapapai katika Bonde la Kerio. Wachavushaji wakuu walikuwa nondo wakubwa wenye ulimi mrefu, wanaoruka jioni na usiku wakisimama hewani mbele ya ua. Mpapai dume una mbochi. Ua la mpapai jike halina. Nondo hufuata harufu, huingia kwa jike akidhani atapata kinywaji, hutoka mikono mitupu, na chavua ya dume imekwisha kubaki pale. Umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili, pamoja na hali ya uoto huo, ndio ulioathiri kazi ya nondo hao, kwa sababu viwavi wao hulelewa kwenye mimea ya porini. Na mpapai dume, kwa kuwa hauzai, ndio wa kwanza kupigwa panga katika nyumba nyingi. Kisha mtu analalamika kwamba mapapai yake yanapukutika machanga.

Viwavi wa nondo hao hawajifungi kwenye tawi. Wakati wa kugeuka pupa ukifika, hushuka chini, huingia kwenye udongo laini au chini ya majani makavu, na kulala humo. Hapa ndipo mila ya usafi inapogongana na somo hili. Katika miji na vijiji vya Waswahili uwanja hufagiwa alfajiri mpaka uache mistari ya chelewa, majani hukusanywa pembeni, na moshi hupanda kabla ya chai. Uwanja safi ni heshima ya nyumba, na hakuna mhadhara utakaowaambia wake kwa waume waache kufagia. Linaloombwa ni dogo: mbele ya mlango na njia ya kupitia zifagiwe kama kawaida, na kando ya ukuta, chini ya miti, uachwe ukanda wa hatua mbili tatu ambao ufagio hauufikii. Majani yanayofagiwa yamwagwe hapo badala ya kuchomwa. Udongo utapata mbolea bila gharama.

Nyoka? Swali hili huulizwa kila mahali, na linastahili jibu la kweli. Nyoka hufuata panya na vyura, na panya hufuata mabaki ya chakula, marundo ya mbao na mabati yaliyolazwa chini. Kichaka kinachogusa dirisha la chumba cha kulala ni makosa, kiwe cha asili au cha kigeni. Mbu nao huzaliana kwenye kopo, tairi na pipa lisilofunikwa. Na viwavi-washa, wenye manyoya yanayowasha, wapo, ila ni wachache kati ya wengi. Watoto wafundishwe tu kutowashika wenye manyoya.

Basi kipandwe nini? Kwa pwani na nyanda za chini, mahali pazuri pa kuanzia ni uzio. Mchongoma wenye miiba ya kweli humzuia mbuzi na mwizi, hutoa matunda ambayo watoto hawayasahau, na majani yake hulea kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye madoadoa ya chui. Mjafari upate kona yake yenye jua. Mtomoko-mwitu ni mdogo, haumnyimi jirani mwanga, na hulea vipepeo wa kundi la Graphium. Mwenye mti mkubwa au chanja imara na ajaribu mbungo: maua yake meupe yananukia, na sharubati ya mabungo kwa Mzanzibari haihitaji kutangazwa. Kwa chozi kuna mshubiri na mwamba-ngoma, huu wa pili ukichanua mwekundu wakati majani yake yamepukutika. Mkuyu una wageni kuliko yote, kwa kuwa kila tunda lake lina nyigu wadogo wanaolichavusha kwa ndani, na matunda yakiiva ndege na popo hawalali. Lakini mizizi yake haina adabu kwa karo wala msingi wa nyumba. Mahali pake ni uwanja wa shule, wa msikiti, wa kanisa, au shamba pana.

Ugumu halisi uko kwenye kupata miche. Vitalu vya kando ya barabara huuza kinachoulizwa, na kinachoulizwa ni mwashoki, bogenvilia na nyasi. Mbegu za miti ya asili zinapatikana kwa Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya huko Muguga na kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, Morogoro. Kung'oa mche msituni haifai, na mara nyingi mche huo hufa njiani. Kuokota matunda yaliyodondoka kando ya njia, kwa ruhusa ya mwenye eneo, ni jambo jingine.

Mbambakofi, ambao Watanzania wengi huuita mkongo, ni rahisi kwa anayeanza. Majani yake huliwa na viwavi wa vipepeo wa kundi la Charaxes, wanene, wenye kuruka kwa kasi na kupenda matunda yaliyooza kuliko maua. Mbegu zake ni kubwa, nyeusi zinazong'aa, zenye kofia nyekundu, na katika maduka ya kumbukumbu watalii huuziwa kama mapambo. Mbegu iliyokomaa ibanduliwe kofia, ilowekwe maji usiku mmoja, ipandwe kwenye kifuko cha udongo wenye mchanga, na mche uhamishiwe ardhini masika yakianza. Uwe mbali na ukuta na nyaya za umeme: mti huu hukua polepole, lakini ukiachwa huweza kupita mita 20.